Nameza vidonge kwa siri nikisubiri zebaki ya papa initoke mwilini

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 36, naishi Tanga. Nimeolewa mwaka wa tatu sasa na mume wangu ni nahodha. Wanavua kwa jarife, wanalala baharini siku mbili tatu, na kinachowapa fedha zaidi ni papa. Mwingine huuzwa mbichi palepale pwani, mwingine huletwa nyumbani, mavyaa akampasua, akamtia chumvi na kumwanika awe ng'onda. Ng'onda wa mavyaa ana wateja mpaka Arusha. Nyumba tunayolala imejengwa kwa papa.

Kwetu ni Lushoto. Nimekulia kwenye maharage na mboga za majani, samaki niliyemjua ni dagaa wa gulioni. Kula papa nimefundishwa na ndoa: wa nazi na ukwaju, wa kukaanga, ng'onda wa kuchoma na ugali. Siku nne, tano kwa wiki. Mavyaa hunichagulia mnofu mzuri na kunisukumia sahani huku akisema, "Kula mwanangu, upate nguvu ya kubeba." Mapenzi yake yote yamo kwenye sahani ile, na mimi nilikuwa nakula kwa furaha.

Mwaka jana nilishika mimba ikaharibika ikiwa na wiki tisa. Baada ya miezi kadhaa bila kushika tena nilikwenda Dar es Salaam kwenye hospitali moja ya binafsi. Daktari, mama mtu mzima, aliniuliza mpaka ninachokula. Niliposema papa, akaandika kipimo cha zebaki, sampuli ikapelekwa nje ya nchi. Majibu yalikuja: mikrogramu 18 kwa lita ya damu. Akasema si ya kutisha, ila kwa anayetafuta mtoto angependa ishuke. Nimuache papa na nduaro, mwili utaitoa wenyewe taratibu. Nje kulikuwa na foleni ndefu. Nikashukuru, nikatoka.

Usiku nilisoma kwenye simu mpaka alfajiri. Nikaona habari za Minamata, Japani, na picha za watoto waliozaliwa na viungo vilivyopinda kwa sababu mama zao walikula samaki. Nikajiambia hiki ndicho kilichomchukua mwanangu. Na wazo lililofuata sijalisema kwa yeyote ila wewe: nani alinilisha? Tangu siku hiyo mavyaa akinisukumia sahani nahisi hasira, kisha najichukia.

Wiki iliyofuata nilinunua vidonge vya majira kwenye duka la dawa. Niliona bora nisishike mimba mpaka niwe safi. Huu ni mwezi wa tatu. Mume wangu hajui. Papa nimempunguza lakini sijaweza kumuacha. Nasingizia vidonda vya tumbo, kipande kingine nampa paka, ila bado nala mara mbili au tatu kwa wiki, maana siwezi kila siku kuwa na kisingizio.

Mwalimu mwenzangu anamjua bibi anayepiga chuku na kutoa majani ya kunywa ya kuosha damu, vikao vitatu kwa shilingi 80,000. Anasema sumu yote itatoka ndani ya wiki mbili. Nimeanza kuweka akiba.

Kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Juzi usiku mume wangu aliniambia kwa sauti ndogo kwamba amekwenda kupimwa yeye, akidhani kasoro ni yake. Nilijifanya nimelala.

Shangazi, nisubiri muda gani? Kuna njia ya kuharakisha? Na nikimwambia, nitamwambiaje mtu ambaye kazi yake ni papa?

Mke wa Nahodha, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Nilipofika pale ulipojifanya umelala, niliiweka barua yako kando kwanza. Pole. Pole kwa mtoto wa wiki tisa, ambaye naona hukupata nafasi ya kumlilia kabla hujaanza kumtafutia muuaji.

Niseme ninavyokuelewa, unisahihishe nikikosea. Unataka mtoto. Umeambiwa mwilini mwako kuna kitu kinachoweza kumdhuru, ukaamua peke yako kufunga mlango mpaka kitoke. Ili mlango ukae umefungwa inakubidi umdanganye mume, umkwepe mavyaa, na ubebe lawama ambayo hujui umpe nani. Barua yako inauliza kuhusu zebaki, nami nitaijibu hiyo kwa kirefu, kwa sababu nadhani hofu yako imekuwa kubwa kuliko kitu chenyewe. Lakini si yote iliyomo humo ni zebaki.

Nianze na mimba iliyoharibika. Karibu nusu ya mimba zinazoharibika mapema huharibika kwa sababu chembe za urithi za kijusi hazikupangika sawa tangu siku ya kwanza, na jambo hilo huongezeka kadiri umri wa mama unavyopanda. Halitokani na chakula, wala kazi, wala huzuni. Siwezi kukuambia yako iliharibika kwa nini, na sidhani kuna daktari atakayeweza sasa. Ila kwa kiwango cha 18, sioni msingi wa kusema papa ndiye. Daktari wako naye, kama ulivyoandika, hakusema hivyo. Uliyesema ni wewe, saa za alfajiri, ukiwa na simu mkononi.

Na picha ulizoziona. Minamata palikuwa na kiwanda cha kemikali kilichomwaga zebaki ghubani kwa miaka mingi, mpaka mwaka 1968. Ugonjwa ulitangazwa rasmi mwaka 1956. Watu walikula samaki wa ghuba ileile kila siku, na nywele za baadhi yao zilikutwa na zebaki ya mamia ya sehemu kwa milioni. Kipimo chako cha damu, kikigeuzwa kuwa cha nywele kwa hesabu wanayotumia wataalamu, kinakuja kama sehemu 4 na nusu kwa milioni. Hizo ni nchi mbili tofauti kabisa, mwanangu.

Sasa njoo karibu na kwetu. Shelisheli, bahari ileile ya Hindi, watafiti waliwafuata watoto tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Mama zao walikuwa wakila samaki karibu milo 12 kwa wiki, na nywele zao zilikuwa na wastani wa sehemu 6 hadi 7 kwa milioni, juu kuliko wewe. Watoto walikua, wakapimwa akili na uwezo wa kujifunza kwa miaka mingi, na madhara ya wazi yanayorudiarudia hayakuonekana. Nisikufiche upande wa pili. Katika visiwa vya Faroe, huko kaskazini, ambako zebaki ilitoka hasa kwenye nyama ya nyangumi, watoto wa miaka saba ambao mama zao walikuwa na kiwango cha juu walionyesha upungufu mdogo wa kumbukumbu, umakini na lugha. Ulikuwa mdogo kiasi cha kuonekana kwenye vipimo tu, lakini ulikuwepo. Ndiyo maana daktari wako alikuwa sahihi kutaka ishuke, na sahihi pia kusema si ya kutisha. Ametaka hivyo kwa sababu zebaki hii huvuka kondo la nyuma, na damu ya kitovu cha mtoto huwa nayo nyingi kuliko damu ya mama. Marekani nako, tangu mwaka 2004, mamlaka zao za chakula na mazingira zimemweka papa kwenye orodha ya samaki ambao mwanamke anayetarajia mimba anashauriwa asiwale.

Inatokaje mwilini? Hili ndilo nadhani hakuna aliyekueleza.

Zebaki iliyomo kwenye samaki ni ya aina inayoitwa methilizebaki. Ukila, karibu yote huingia kwenye damu kupitia utumbo. Haikai kwenye mafuta kama wengi wanavyodhani. Hujishikiza kwenye protini, na ndiyo sababu kumchemsha papa, kumtia ndimu, kumloweka au kumchuna ngozi hakumtoi zebaki. Ng'onda ndiyo zaidi, kwa sababu jua limeondoa maji na kuiacha zebaki pale pale, kwa hiyo kipande kidogo kikavu kimebeba iliyokuwa kwenye kipande kikubwa kibichi.

Kazi ya kuitoa ni ya ini. Ini huifunga zebaki na kuimwaga kwenye nyongo, nyongo hushuka utumboni. Ingekuwa inakwenda moja kwa moja chooni, ungekuwa umemaliza zamani. Lakini utumbo huinyonya tena sehemu kubwa na kuirudisha kwenye damu. Inayofaulu kutoka ni ile ambayo bakteria wa utumboni wameiwahi na kuibadilisha kuwa zebaki ya aina nyingine, ambayo utumbo hauipokei vizuri. Karibu yote hutoka na choo. Kidogo huenda kwenye nywele, na ndiyo sababu nywele hupimwa: hukua kama sentimita moja kwa mwezi, kila sentimita ikiwa na habari za mwezi wake.

Wewe ni mke wa nahodha, umeona mtu akifua maji ngamani. Fikiri upo, ile kata ya kufulia maji, wenye tundu: kila ukichota, nusu na zaidi inarudi chomboni. Kazi inakwenda, ila polepole. Mwili hutoa kila siku karibu sehemu moja katika mia ya zebaki iliyobaki. Katika damu, nusu huondoka kwa siku kama 50. Wapo ambao nusu hiyo huondoka kwa mwezi na kidogo, wapo wanaofika miezi mitatu. Tukichukua siku 50, kumi na nane yako inakuwa tisa, siku 100 inakuwa nne na nusu, siku 150 inakuwa mbili na kidogo. Sifuri haifiki, na haihitajiki. Hakuna mla samaki duniani aliye kwenye sifuri. Hilo neno lako "safi" ningependa ulitazame tena, maana ukilisubiri utasubiri maisha.

Lakini angalia hapa, mwanangu. Hesabu hiyo inaanza siku maji yanapoacha kuingia. Umemeza vidonge kwa miezi mitatu huku ukila papa mara mbili tatu kwa wiki. Kiwango kitakuwa kimeshuka, lakini kitashuka mpaka pale ambapo kinachoingia kinalingana na kinachotoka, kisha kitatulia hapo hata ukimeza vidonge miaka miwili. Kwa miezi hii umezuia mimba vizuri kuliko ulivyoizuia zebaki. Sikusemi kwa hilo. Kukataa sahani ya mavyaa mbele ya watu ni kugumu kuliko kumeza kidonge gizani, hilo nalijua.

Na jambo jingine ambalo huenda hukulifikiria. Ubongo wa mtoto haujengwi siku moja. Unakua miezi yote tisa, tena kwa kasi zaidi nusu ya mwisho. Mwanamke aliyebadilisha samaki leo na akashika mimba mwezi ujao, zebaki yake inaendelea kushuka huku mtoto akikua. Kwa hiyo si lazima uchague moja kati ya kusubiri na kuanza. Unaweza kusubiri siku 100 kisha upime tena, moyo utulie. Unaweza kuamua kwamba kwa miaka 36, kila mwezi una thamani yake, ukabadilisha chakula na kuacha vidonge kwa pamoja. Njia ya kwanza inakula muda ambao umri wako hauna mwingi wa kugawa. Njia ya pili inataka uingie kwenye mimba ukiwa na hofu bado, na hofu ya miezi tisa si mzigo mdogo. Uzito wa hivi viwili anaujua anayevibeba. Nenda nalo kwa yule daktari, safari hii na maswali yaliyoandikwa kwenye karatasi ili foleni isikutishe. Muulize na asidi ya foliki, ambayo huanzwa kabla ya mimba.

Chuku sasa. Namheshimu bibi huyo na wanaopata nafuu kwake ya mgongo na kichwa. Lakini katika zebaki yote iliyomo mwilini mwako, iliyo kwenye damu ni kama sehemu 5 katika 100. Iliyobaki imo kwenye misuli, ini, figo na kwingineko. Akikutoa kikombe cha damu, ametoa chembe ya hizo tano, na amekupunguzia damu wewe unayejiandaa kubeba mimba. Majani ya kunywa nayaogopa zaidi, kwa sababu hujui ni yapi, na yapo majani yanayobana mji wa mimba. Dawa za hospitali za kuvuta madini mwilini zipo, hutolewa kwa watu waliopata sumu kali chini ya uangalizi, na sijaona daktari akimpa mtu mwenye kiwango chako. Hizo shilingi 80,000 ziweke kwa ajili ya kipimo cha marudio, au nauli ya Dar.

Niulize na hili, usichukie: unatumia krimu yoyote ya kung'arisha ngozi? Baadhi zina zebaki ya aina nyingine, inayokaa figoni na kutoka kwa mkojo. Kama unatumia, mwambie daktari, maana kipimo na hesabu vinabadilika. Kama hutumii, lipite.

Wala usikimbie samaki wote. Wengi wakisikia habari hizi huhamia kwenye soda na chapati, wakajinyima mafuta mazuri ya samaki na madini joto, vitu ambavyo ubongo wa mtoto unavihitaji. Dagaa wako wa Lushoto ni miongoni mwa samaki bora kwako. Vibua, tasi, changu wadogo, kamba, vyote vina zebaki kidogo. Kinachomfanya papa awe vile ni umri na cheo chake: anaishi miaka mingi akila waliokula wengine, na kila mmoja amemwachia zebaki aliyoibeba. Zebaki yenyewe hufika baharini kutoka volkano, moshi wa makaa ya mawe, machimbo ya dhahabu, na husambaa na hewa dunia nzima. Nasema hivi ili siku ukizungumza na wenyeji wako wasisikie kwamba bahari ya Tanga ni chafu, au kwamba mikono ya mavyaa ina kosa.

Nimefika kwa mume wako.

Unaogopa kumwambia kwa kuwa kazi yake ni papa. Je, una hakika atakachosikia ni kazi yake kutukanwa? Mtu anayekwenda kupimwa kimyakimya na kurudi kukueleza amekwisha kuonyesha kwamba mtoto ni jambo kubwa kwake kuliko heshima yake ya kiume. Huenda ukamwambia "daktari amenizuia papa kwa ajili ya mimba" na kesho yake akakuletea changu. Huenda pia akaumia, tena akaumia zaidi kwa vidonge kuliko kwa papa. Hatari hiyo ni ya kweli, sitaipunguza. Ukisema kuhusu papa tu na kuacha vidonge kimya, nyumba itatulia kwa wepesi, lakini yeye atabaki akidhani kasoro ni yake, na huenda akatumia fedha na dawa kutibu kisichoumwa. Ukisema yote, utakuwa umempa sababu ya kukasirika, na pia jibu la lile alilokunong'oneza usiku. Wapo wanawake waliochagua kusema mbele ya daktari au nesi, ili hesabu za zebaki zielezwe na mwingine na wao wabaki na sehemu yao tu. Wapo waliosubiri usiku mwingine kama ule. Ukiona moyoni kwamba kuna hofu ya kupigwa au kufukuzwa, ambayo hukuiandika, basi ushauri ni mwingine na niandikie upesi.

Mavyaa namwona kwa mbali, mama anayechagua mnofu. Kumwambia "sitaki" ni kumrudishia mapenzi yake. Lakini mama huyu amezaa, na pwani ina miiko ya wajawazito kuhusu chakula tangu enzi za bibi zao. Mkiwa wawili jikoni, muulize alipokuwa na mimba ya mumeo aliambiwa ale nini na aache nini. Huenda ukashangaa ni rahisi kiasi gani kwake kuelewa kwamba mwanamke anayejiandaa kubeba ana samaki wake. Na ile hasira unayojichukia kwayo, nadhani ni msiba ambao haukupata pa kukaa. Mwanao wa wiki tisa hakufanyiwa hata dua, kama nimekusoma vizuri. Pengine hilo nalo mnaweza kulifanya, wewe na baba yake, kabla ya mazungumzo mengine yote.

Ukipima tena niandikie namba, na uniambie ulianza na nani.

Shangazi yako